Doktora si kiti cha profesa peke yake: mtoto wetu anasoma miaka kumi, kasiteriti inaondoka bila yeye

LOKANDU, Maniema. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye bandari yetu ndogo hapa Lokandu, nikingoja balenyere ya kwenda Kindu, kinasa sauti begani. Pembeni yangu alikaa kijana mmoja wa hapa, mtoto tuliyemwona akikua. Amemaliza doktora ya kemia. Siku alipotetea tasnifu yake, yaani kile kitabu kikubwa cha utafiti, familia ilichinja mbuzi wawili na mama yake akashona kitenge kipya. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Leo kijana huyo anauza vocha za simu Kindu, na mara mbili kwa wiki anafundisha saa chache mahali fulani ambapo sitapataja, kwa malipo ya ahadi.

Mzee mmoja aliyekuwa anasafiri nasi akamuuliza: "Mwanangu, doktora ulishapata. Na kiti cha profesa, watakupa lini?"

Kijana akajibu kwa heshima: "Papa, bado tunangoja jina litoke Kinshasa."

Mbele yetu kulikuwa na bidoni za mafuta ya mawese, kama ishirini hivi, zikingoja kupakiwa. Mafuta yalikuwa yanatoa ile harufu kali tunayoijua wote. Mwenye mali alikuwa analalamika kwamba Kindu watamshushia bei. Na kijana wetu, ambaye tasnifu yake inahusu hasa tindikali ndani ya mafuta ya mawese, alikuwa amekaa juu ya bidoni moja akiangalia simu. Hakuna aliyemuuliza kitu juu ya mafuta. Hata mimi, mwandishi wa habari, sikumuuliza. Sisi sote tulitaka kujua juu ya kiti.

Ndiyo sababu ya makala hii. Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: nchi hii inafundisha watafiti kwa ajili ya kiti kimoja tu, kiti cha profesa. Mlango wa pili, ule wa kiwanda, maabara ya kampuni na mgodi, tumeufunga sisi wenyewe. Halafu tunashangaa kwa nini kasiteriti yetu inaondoka kama mchanga na kurudi kama sahani.

Ngazi yenye kidato kimoja

Tuelewane kwanza. Wengi hapa wakisikia "dokta" wanafikiri mganga wa hospitali. Doktora ya chuo kikuu ni kitu kingine. Mtu anachukua swali moja ambalo hakuna aliyelijibu, analishughulikia miaka mitatu, minne, na kwetu mara nyingi hata kumi. Anajifunza kupima, kurudia kipimo, kukubali kwamba alikosea, kuandika kila kitu ili mtu mwingine akikagua apate jibu lile lile. Mwisho wake si yale anayoyajua juu ya tindikali. Mwisho wake ni kwamba ukimpa tatizo jipya, ambalo hajaliona kamwe, anajua aanzie wapi.

Ufundi huo una kazi nyingi. Lakini angalieni ngazi yetu: asistenti, mkuu wa kazi za vitendo, kisha doktora, kisha profesa mshiriki, profesa, profesa kamili. Kila kidato kiko ndani ya chuo. Hakuna kinachotoka nje. Anayemaliza doktora na kukosa nafasi chuoni anaonekana ameshindwa, hata kama kichwa chake kimejaa maarifa ambayo kiwanda kingeyalipia. Na anayepata nafasi anaweza kufundisha miaka bila jina lake kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Migomo ya walimu wa vyuo tunaitangaza redioni kila mwaka, mpaka tumezoea kuisoma kama habari za mvua.

"Lakini viwanda viko wapi?"

Najua jibu litakalokuja. Nimelisikia bandarini, nimelisikia kwenye studio, nimelisikia kwa wakubwa wenyewe: "Wewe mwandishi unaota. Viwanda viko wapi Maniema? Huyo dokta wa kemia ataajiriwa na nani, na kinu cha kukobolea mpunga?"

Ni swali la haki. Nalijibu kwa mambo matatu, yote ya upande wetu wa nchi.

La kwanza ni mawese. Ukishuka mto huu huu unaopita Lokandu, ukapita Ubundu na maporomoko, ukafika Kisangani na kuendelea kama kilomita mia moja, unafika Yangambi. Hapo Wabelgiji walianzisha kituo chao kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933. Leo kinaitwa INERA. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza kitu ambacho kilibadilisha biashara ya mafuta duniani: ukizalisha mchikichi wa ganda nene na ule usio na ganda, unapata mchikichi wa ganda jembamba, wenye nyama nyingi na mafuta mengi zaidi. Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia karibu yote yamepandwa aina hiyo. Utafiti ulitoka msituni kwetu ukawa utajiri wa Asia. Na sisi? Congo leo inanunua mafuta ya mawese kutoka nje.

Tukumbuke pia nani alikuwa nani. Wakati ule Mkongomani pale Yangambi alibeba mikungu na kufyeka njia. Kwenye uhuru, mwaka 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata thelathini nchi nzima. Hilo lilikuwa kosa la mkoloni. Lakini leo tunao madokta wa kilimo na wa kemia, na bado bidoni zinanuka bandarini. Hilo si kosa la mkoloni tena.

Na tatizo la bidoni hizo si uchawi. Nilimuuliza kijana wetu baadaye, ndani ya balenyere, na kwa dakika kumi alinieleza vizuri kuliko semina zote nilizowahi kurekodi. Tunda la mawese likikatwa na kugongwa, kuna kimeng'enya ndani yake kinachoanza kuvunja mafuta mara moja. Ukiacha mikungu siku nne, tano ikingoja, tindikali inapanda. Biashara ya kimataifa inataka tindikali isizidi 5 kwa mia. Dawa yake ni kupika matunda kwa mvuke mapema, kama inawezekana siku ile ile ya kukata. "Yaya," aliniambia, "hiyo haihitaji fedha za Benki ya Dunia. Inahitaji mtu wa kupima, na mtu wa kusimamia." Mtu huyo alikuwa amekaa mbele yangu, na vocha mfukoni.

La pili ni dawa. Nendeni Bukavu. Pale kuna Pharmakina, kiwanda kilichoanza miaka ya 1940, ambacho kilitoa kwinini kutoka magome ya mti wa sinkona uliopandwa kwenye milima ya Kivu. Si kukata gome na kuliuza tu. Ni kulichemsha, kulisafisha, kulipima, mpaka ikatoka dawa. Mti uliposhambuliwa na ugonjwa wa mizizi, ilibidi kuwe na watu wa maabara wa kutafuta miche mizima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kiwanda cha sayansi hakiwezi kusimama mashariki ya Congo. Kilisimama, na vita vilipita juu yake.

Lakini Pharmakina inatufundisha pia upande wa pili. Dunia ilibadilika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri malaria kali itibiwe kwa sindano ya artesuneti badala ya kwinini. Dawa hiyo mpya asili yake ni mmea ambao Mchina Tu Youyou na wenzake waliuchunguza tangu miaka ya 1970, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kiwanda kinachotegemea dawa moja kinahitaji watafiti wanaotafuta ya pili kabla ya kwanza haijapitwa.

Na hapa nakubali jambo moja kwa uaminifu, kwa sababu najua litaletwa: Tu Youyou mwenyewe hakuwa na doktora. Ni kweli. Karatasi haivumbui kitu. Lakini alikuwa na miaka ya mafunzo ya utafiti, alikuwa na maabara, alikuwa na kikosi, na serikali yake ilikuwa imempa tatizo la kutatua. Sisi tunatoa karatasi na kunyima hivyo vyote vinne.

La tatu ni kasiteriti, damu ya jimbo letu. Symétain ilichimba Kalima tangu miaka ya 1930. Mwaka 1976 makampuni yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985 na SOMINKI haikuinuka tena vizuri. Leo kazi kubwa iko mikononi mwa wachimbaji wadogo, hapa Kailo, Kalima, Punia. Wanachimba kwa koleo, wanaosha kwenye kijito, negosian anapima kwa jicho na kwa mzani wake, gunia linapewa etiketi, linapelekwa nje ya jimbo, na kutoka hapo linakwenda kwenye matanuru ya Asia, Malaysia na Thailand.

Kasiteriti safi kabisa ina karibu 79 kwa mia ya bati ndani yake. Kuitoa kunahitaji makaa, joto kali, na mtu anayejua kinachotokea ndani ya tanuru. Nani alisema kazi hiyo haiwezekani Congo? Manono, kule Tanganyika, kulikuwa na tanuru la kuyeyusha bati wakati wa Géomines. Babu zetu waliliona likiwaka. Leo mchimbaji wa Kailo hajui hata gunia lake lina bati kiasi gani. Anaambiwa na mnunuzi. Maabara moja ndogo ya haki Kindu, yenye mtu mmoja aliyesoma kweli, ingebadilisha mazungumzo hayo siku ya kwanza.

Kwa hiyo swali "viwanda viko wapi" limegeuzwa kichwa chini. Viwanda havishuki kutoka mbinguni ndipo watafiti waitwe. Hujengwa pale ambapo kuna watu wanaojua kugeuza mali kuwa kitu kingine. Tukingoja kiwanda kwanza, tutangoja na wajukuu wetu.

Damu ya Kikwit, leseni ya Miami

Kama mtu bado anafikiri hili ni jambo la wasomi peke yao, nimletee habari ya Ebola.

Profesa Jean-Jacques Muyembe alipata doktora ya elimu ya virusi Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Angeweza kubaki kule. Alirudi. Mwaka 1976 alikuwa Yambuku akichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kabla ugonjwa haujapewa jina. Mwaka 1995 Ebola ikapiga Kikwit na kuua watu wapatao 250. Mmoja wa waliopona alitoa damu yake miaka kumi na moja baadaye. Katika damu hiyo watafiti wa Marekani na Uswisi, pamoja na Muyembe na wenzake wa INRB, walipata kinga ambayo ikawa dawa.

Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wetu, kuanzia mwisho wa 2018, wakati wa mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri uliochukua maisha zaidi ya 2,200. Wale waliopewa dawa ile ya zamani ya kulinganishia, karibu nusu walikufa. Waliopewa hii mpya, karibu 35 kwa mia. Ni ushindi mkubwa, na madaktari na wauguzi Wakongomani walifanya kazi hiyo huku risasi zikilia. Desemba 2020 Marekani iliikubali rasmi, kwa jina la Ebanga. Na kampuni yenye leseni ya kuitengeneza? Ridgeback, ya Miami, Florida.

Sisemi tuliibiwa, wenye leseni walifuata sheria, na dawa inaokoa watu. Nasema hesabu: ugonjwa wetu, damu yetu, wagonjwa wetu, ujasiri wetu, mtafiti wetu. Kisha ajira za maabara, kiwanda, na neno la mwisho juu ya dawa, viko kwao. Kwa nini? Kwa sababu hapa hapakuwa na kampuni ya kupokea kazi ilipotoka mkononi mwa mtafiti. Mlango wa pili haukuwapo.

Wengine wanafanyaje

Ujerumani walianza zamani. Felix Hoffmann alipata doktora ya kemia Munich mwaka 1893. Mwaka uliofuata aliingia kampuni ya Bayer. Mwaka 1897 akatengeneza aspirini, ile ile tunayonunua moja moja kwenye kibanda. Hakuna aliyemlilia kwamba amekosa kiti. Mpaka leo, kwao mkemia mwenye doktora kuingia kiwandani ni jambo la kawaida kama mwalimu kuingia darasani.

Ufaransa, ambao mitaala yao tunapenda kuiiga, wana tangu 1981 mpango unaoitwa CIFRE. Kampuni inamwajiri mwanafunzi wa doktora miaka mitatu, kwa mshahara. Tatizo anallolichunguza ni la kampuni. Maabara ya chuo inamsimamia. Serikali inasaidia kampuni sehemu ya gharama. Akimaliza, kampuni inamjua na yeye anaijua kazi. Tumeiga kwa Wazungu majina ya madarasa, tumeleta Licence, Master, Doctorat, LMD nzima. Kwa nini tumeacha kuiga hii, yenye mshahara ndani yake?

Lawama na madai

Sipendi makala inayolia na kuondoka. Kwa hiyo natoa lawama kwa anwani, na dai kwa kila anwani.

Kwa vyuo vikuu vyetu, Kindu, Kisangani, Bukavu na vingine: acheni kukubali tasnifu ambazo hakuna mtu nje ya chuo atakayezifungua. Kila mwanafunzi wa doktora ya sayansi aishi angalau miezi sita penye kazi: mgodini, kwenye kinu cha mafuta, kwenye kituo cha mbegu. Mmoja wa wasimamizi wake atoke huko. Na akitetea, atoe kurasa mbili za Kiswahili ambazo mchimbaji na mama wa mawese wanaweza kuzielewa. Mnaogopa kwamba sayansi itashuka hadhi? Muyembe aliinama juu ya wagonjwa wa Yambuku na hadhi yake haikushuka.

Kwa makampuni ya madini: mnaleta mpimaji kutoka nje na kumlipia nyumba na ndege. Ajirini watoto wawili wa doktora kutoka jimbo hili, miaka mitatu, kwa tatizo lenu wenyewe. Sheria ya madini ya 2018 inawadai tayari angalau 0.3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Darasa lenye mabati mapya ni jema. Lakini mnapoondoka, darasa litabaki na mtafiti gani?

Kwa serikali ya jimbo na wabunge wetu wa Kindu: sheria hiyo hiyo inapa jimbo 25 kwa mia ya redevansi ya madini, na maeneo ya chini 15 kwa mia. Tangazeni hadharani kiasi kinachoingia. Tengeni sehemu inayojulikana, hata ya kulipia watafiti watano kwa mwaka na maabara moja ya kupima madini na mafuta Kindu. Vifaa hivyo havifikii bei ya jipu chache mnazonunua kila mnapobadilishana viti.

Na kwetu sisi wakaaji, na kwetu sisi waandishi: tuache kuuliza "kiti lini". Tumewafundisha watoto wetu kwamba elimu ni cheo, suti na kuitwa mheshimiwa. Mtoto akirudi na doktora, tumuulize swali lingine: "Unajua kutengeneza nini? Unajua kurekebisha nini?" Akijibu, tumsikilize. Kama hana jibu, basi aliyemfundisha ndiye wa kuulizwa.

Najua wapo watakaosema kijana kama huyu aondoke tu, aende Kampala, Ubelgiji au Canada, huko maabara zipo. Wengi wameondoka na siwalaumu. Mtu hali heshima. Lakini kila anayeondoka tumemlipia sisi: mbuzi, mashamba yaliyouzwa, michango ya ukoo, miaka ya mama yake kwenye mpunga. Tunapeleka kasiteriti ghafi na sasa tunapeleka na akili iliyokwisha kusafishwa, zote mbili kwa bei ya mnunuzi.

Balenyere ilifika Kindu jioni. Mwenye mawese alishusha bidoni zake, na kweli walimkata bei. Safari hii kijana wetu alisimama, akamwita pembeni, akaanza kumweleza juu ya kupika matunda siku ile ile. Mwenye mali alimsikiliza dakika tano, kisha akamuuliza: "Wewe unafanya kazi gani?"

Kijana alinyamaza kidogo, akasema: "Nauza vocha."

Wakubwa wa Maniema, jibu hilo ni lenu.

Mwandishi wenu wa redio, Lokandu.